Kwenda Siku ya Vijana Duniani na kulala kwa watu usiowajua: ya Ureno nawapa nyie mnaojiandaa na Seoul 2027

Haya wapendwa. Kila nikitoka misa ya pili siku hizi lazima kijana mmoja anidake pale nje kwenye mwembe, dada eti Seoul tunaendaje, na mi naeleza nusu nusu huku namwita boda, Jumapili inayofuata anakuja mwingine na swali lile lile. Kwahiyo nimekaa nimeandika yote mara moja, someni, tumianeni kwenye magrupu, alafu mniache ninywe chai yangu.

Kwa wasionijua, mi nilienda Lisbon, Ureno, mwaka 2023, ile Siku ya Vijana Duniani (mkutano wa vijana Wakatoliki wa dunia nzima na Papa) ya tarehe 1 mpaka 6 Agosti, nikitokea jimbo la Mtwara. Inayofuata ni Seoul, Korea Kusini, tarehe 3 mpaka 8 Agosti 2027, Papa Leo XIV alizitaja tarehe mwenyewe Agosti 2025 kule Tor Vergata, Roma, mwisho wa Jubilei ya vijana. Afrika hatujawahi kuandaa hata mara moja tangu ianze miaka ya themanini, kwahiyo sisi ni wa kupanda ndege tu.

Alafu niseme mapema kabisa, wengi wanajiandaa na Papa na uwanja na selfie. Papa utamuona kwenye skrini, labda apite na kile kigari chake sekunde kumi ukiwa umebebwa mgongoni na mtu. Sehemu ambayo hakuna aliyeniandaa nayo ni zile siku za majimboni kabla ya tukio lenyewe, mnapogawanywa kwenye familia, wewe na begi lako mbele ya mlango wa mtu ambaye hajui Kiswahili wala Kiingereza na amekupikia tangu asubuhi. Hapo ndo nitakaa sana. Ila ngoja tumalize makaratasi kwanza.

Makaratasi na hela

Usiende kivyako. Najua kundi ni usumbufu, vikao kila Jumamosi, mwenyekiti anachelewa, mhazini haeleweki, ila safari hii imejengwa kwa makundi. Kwa kawaida unaanzia parokiani, parokia inapeleka jina jimboni, jimbo linaongea na idara ya vijana ya Baraza la Maaskofu, mnaandikishwa kama kundi moja lenye kiongozi mmoja, na barua ya mwaliko ya kupeleka ubalozini inapatikana kwa njia hiyo. Ukienda peke yako unajikuta huna barua, huna familia ya kukupokea, unalala hosteli unakula biskuti.

Pasipoti usisubiri 2027. Ili uipate unahitaji kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa cha RITA, na majina yafanane herufi kwa herufi. Kwenye kundi letu kulikuwa na kaka mmoja cheti cha kuzaliwa kinasema Josephat, NIDA inasema Joseph, cheti cha ubatizo alichoandika paroko wa zamani kinasema Yosefu. Kuwaunganisha hao watu watatu wawe mmoja kulimla miezi, alipata viza siku nne kabla ya ndege na alikuwa amekonda. Kama unayo tayari angalia inaisha lini, iwe na angalau miezi sita mbele ya tarehe ya kurudi.

Viza ya Ureno ilikuwa ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya: fomu, picha, bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, tiketi ya kwenda na kurudi, barua ya mwajiri au chuo, taarifa ya benki. Korea ina ubalozi Dar na mwingine Nairobi, masharti yachukueni pale pale, msichukue kwenye status ya mtu. Taarifa ya benki ndo inaangusha wengi. Mtu akaunti imekauka mwaka mzima alafu wiki ya mwisho zinaingia milioni nne kwa mpigo, za mjomba, anadhani maafisa hawaoni. Wanaona. Bora kidogo kidogo kila mwezi iwe inaonekana wewe ni mtu mwenye shughuli zako, na kama hela ni ya mfadhili basi mfadhili aandike barua na aambatanishe taarifa yake, sio aje kujificha kwenye akaunti yako.

Na hili la kuzamia ntalisema bila kona. Kila kundi lina mtu anayeomba sala kwa sauti kubwa kuliko wote na kichwani amepanga kubaki huko huko. Akibaki, wa jimbo lile wanaofuata ndo wanalipa, viza zinanyimwa watu wasio na hatia. Viongozi mnawajua, msione aibu.

Hela sisi tuliianza miaka miwili kabla. Kila mtu anaweka 50,000 kwa mwezi kwa mhazini (wengine 20,000, hatukumfukuza mtu), tukauza chai na maandazi baada ya misa ya kwanza, tukaosha magari ya waumini Jumamosi, tukagawa kadi za michango kwenye jumuiya. Waulizeni pia waandaaji kuhusu mfuko wa mshikamano, hizi safari huwa na kitu cha namna hiyo kwa ajili ya nchi zetu, hamwombi sadaka, mnauliza tu. Tiketi nunueni kwa pamoja na risiti ibaki kwa kundi. Kuna wakala mmoja, simtaji, alichukua hela ya wenzetu wawili akawapa karatasi nzuri yenye picha ya ndege, kumbe ni nafasi iliyoshikwa tu haijalipiwa, tulikuja kujua uwanja wa ndege. Ukipewa tiketi ingia mwenyewe kwenye tovuti ya shirika uweke ile namba uone kama jina lako lipo.

Kadi ya homa ya manjano beba, hata kama hakuna aliyekuuliza.

Begi

Nguo chache, Agosti kule kote ni kiangazi, Ureno jua linachoma na Korea ni joto la unyevu kama letu la Februari, tena na mvua. Viatu vya kutembea viwe vimeshavaliwa, usinunue vipya wiki ya safari, mi nilijifanya mjanja nikarudi na kucha mbili nyeusi. Adapta ya plagi muhimu, zetu ni za miguu mitatu bapa, Ureno na Korea zote ni za miguu miwili ya duara, na mkiwa kumi na mbili mwenye adapta ndo mfalme.

Zawadi. Mtu wa Mtwara swali hili halimsumbui, korosho. Zilizobanguliwa, zimekaangwa, zimefungwa vizuri dukani. Kahawa na majani ya chai vinapita. Nyama, maziwa, matunda na mbegu mbichi acheni nyumbani, mpaka wa Ulaya hawataki na Wakorea kwenye nyama ndo wakali zaidi, faini yao sio ya mchezo.

Kanga beba mbili tatu, ila soma jina kabla hujalipa! Mi nilichagua kwa rangi, nzuri kweli, ya bluu na njano, nafika nyumbani mama anaisoma anacheka mpaka anakaa chini, imeandikwa HASIDI HANA SABABU. Ndo unampelekea bibi wa watu aliyekufungulia mlango wake. Nikarudi sokoni nikachukua ya WEMA HAUOZI. Na kweli, kitu cha kwanza bibi alichouliza ni yale maandishi yanasemaje, kwahiyo jiandae na tafsiri.

Sasa umefika kwa watu

Sisi siku za majimboni zilikuwa tarehe 26 mpaka 31 Julai, kundi letu likapangiwa upande wa Viseu, huko ndani milimani, nyumba za mawe. Tulishushwa uwanja wa kanisa saa moja jioni, jua bado liko juu kabisa, na wenyeji wamesimama upande mmoja sisi upande mmoja kama mahari inakwenda kujadiliwa. Paroko wao anasoma jina, mtu anatoka, anakumbatiwa, anaondoka. Mi na dada mmoja wa Tandahimba tukaitwa na bibi mfupi amevaa nyeusi, nyuma yake mumewe na mjukuu wa miaka kumi na saba ambaye ndo alikuwa anajua Kiingereza cha shule.

Kwanza, salamu. Ureno wanawake wanasalimiana kwa busu mbili za shavu, usirudi nyuma, niliona dada yangu anarudi nyuma kama kaona nyoka, bibi wa watu akabaki hewani. Jifunze maneno kumi ya lugha yao kabla hujaondoka, basi, kumi tu. Asante kwa Kireno mwanamke anasema obrigada, mwanaume obrigado, vijana wetu siku tatu nzima walikuwa wanashukuru kama wanawake kwa sababu mimi ndo niliwafundisha na sikujua.

Ila kumbe Kireno tunacho nyumbani. Usiku wa kwanza bibi anatandika kitanda, ameshika kile cha mto, anamwambia mjukuu alete "fronha" nyingine, nikaruka, FORONYA! Akanitazama. Nikashika meza nikasema meza, akasema mesa. Kopo, copo. Bendera, bandeira. Nanasi, ananás. Mbatata, batata. Hawa watu walikaa pwani yetu miaka mingi kwa ubabe wa mizinga, wakafukuzwa, wakatuachia foronya. Usiku ule tulizunguka nyumba nzima tunagusa vitu, na nakuhakikishia dakika ishirini zile zilifanya kazi kuliko programu yoyote ya kutafsiri kwenye simu. Ukienda kokote tafuta neno moja mnalolijua wote, anzia hapo.

Chakula. Kula. Najua kuna watu wanabeba unga wa ugali na pilipili ya kopo, sawa, ila usitoe unga wako siku ya kwanza mwenyeji amekupikia. Sisi tulipewa caldo verde, supu ya viazi yenye majani yamekatwa membamba kama mchicha wa harusi na kipande cha soseji juu, na mkate wa mahindi mzito, ule ukishika unajua umeshika kitu. Kesho yake bacalhau, na hapa watu wa kusini mtafurahi, bacalhau ni ng'onda tu jamani, samaki mkubwa amekaushwa kwa chumvi, wanamloweka siku nzima au mbili wanabadilisha maji, ndo wanapika. Nikamweleza bibi kwamba kwetu ipo, hakuamini mpaka nikamuonyesha picha ya soko.

Kitu huli, sema mapema na sema kwa kundi, sio unafika mezani unaanza kuchambua. Mvinyo unawekwa mezani kama sisi tunavyoweka jagi la maji, kama hutumii funika glasi kwa kiganja, tabasamu, obrigada, imeisha, usianze kuhubiri. Na usimalize sahani haraka haraka, ukimaliza inajazwa, hilo halina tofauti na bibi wa Newala.

Saa. Hapa niliharibu. Basi la kwenda Viseu mjini lilikuwa linatoka saa mbili asubuhi, mjukuu ameniuliza saa ngapi, mi kichwani saa mbili, mdomoni ikatoka "two". Yeye akamwambia bibi wanaondoka mchana. Asubuhi basi linapiga honi, bibi yuko shambani, hakuna chai, hakuna mtu, tunatoka mbio nywele hazijachanwa, tukiwa tumekaa kwenye siti namuona bibi anakimbia barabarani na aproni, mkate umefungwa kwenye taulo, dereva akamsubiri. Niliona aibu mpaka leo naiona. Kwahiyo mkipewa muda, andika kwa namba kwenye karatasi au muonyeshe kwenye simu, usitamke.

Sasa ile methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule hakuna atakayekupa jembe, wewe ni mhujaji, utabebwa kama yai. Lichukue mwenyewe. Siku ya tatu tulikuwa na mchana huru, vijana wengi wakabaki vitandani wanatafuta mtandao, mi nikamfuata bibi shambani anang'oa viazi, nikachukua jembe lililoegeshwa ukutani. Akapiga kelele, akaita mumewe, akaniondoa mkononi. Nikalichukua tena. Mistari miwili baadaye wakaacha kunitazama, na bibi akaanza kunituma, leta ndoo, weka hapa, sio hivyo. Kuanzia pale nikawa mtu wa nyumbani, nilikuwa naingia jikoni bila kuitwa. Usioshe vyombo kwa nguvu siku ya kwanza, inaonekana kama unamkosoa mtu, subiri siku ya pili ya tatu, alafu shika kitu kimoja kiwe chako, mi nilikuwa na kufuta meza.

Jioni hiyo hiyo ndo babu alifunguka. Tangu tufike alikuwa mtu wa kutikisa kichwa tu. Tumekaa nje, ananiuliza kupitia kwa mjukuu, Tanzania upande gani. Nikamwambia kusini, mpakani na Msumbiji, Mtwara. Akanyamaza. Akachovya kidole kwenye maji yaliyomwagika mezani akachora mstari, akasema Rovuma. Alikuwa askari, alichukuliwa na miaka ishirini na moja, wakapelekwa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, miaka ya sabini mwanzoni, wanapigana na FRELIMO, wale wapigania uhuru wa Msumbiji, na ng'ambo ya ule mstari wa maji ndo kwetu, ambako FRELIMO walikuwa na makambi, Nachingwea mnaijua. Babu yangu mzaa mama alikuwa anatusimulia Wamakonde waliovuka ule mto kukimbia hiyo vita, wamebeba watoto, wengine hawakurudi tena, ni majirani zetu mpaka leo.

Sijui wewe ungefanyaje. Mi sikusema pole na sikusema haidhuru. Mjukuu alikuwa anatafsiri polepole, nadhani na yeye ndo alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza, akifika mahali anasita anamtazama babu yake, anaendelea. Babu akauliza kama kule sasa kuna barabara. Nikamwambia kuna daraja, Daraja la Umoja. Akarudia, umoja, nikamweleza maana yake. Akafuta ule mstari kwa kiganja akaenda kulala.

Ninachotaka kuwaambia hapo ni kwamba weka simu ndani ukiwa kwa watu, na usiogope mzee akinyamaza. Usimhoji, usimrekodi, usipige picha analia ukaweka status. Kama kuna jambo la zamani kati ya nchi yenu na yao, litakuja lenyewe, na likija usiligeuze kuwa mdahalo.

Vitu vidogo vidogo: oga haraka, maji ya moto yanalipiwa na yana mwisho. Uliza kabla hujafua. Usiwape hela, watakasirika. Ukitoka mjulishe mwenyeji unarudi saa ngapi (kwa namba!). Kama hujisikii salama kwenye nyumba uliyopangiwa, mwambie kiongozi siku hiyo hiyo, utahamishwa, usivumilie eti ni ugeni. Wasichana nendeni wawili wawili.

Mjini, kwenye tukio lenyewe

Hapa nitapita haraka maana video zipo nyingi. Lisbon ni foleni: foleni ya metro, foleni ya chakula, foleni ya choo. Tulilala kwenye darasa la shule, sakafuni, kwahiyo begi la kulalia na mkeka mwembamba ni lazima. Pangeni mahali pa kukutana mkipotezana, sio "pale kwenye jukwaa", mahali penye jina. Bendera kwenye fimbo ndefu inasaidia kuliko simu, mtandao unakufa watu wakizidi.

Tarehe 3 Papa Fransisko alitupokea Parque Eduardo VII, ndo pale aliposema ndani ya Kanisa kuna nafasi kwa todos, todos, todos, wote wote wote, akatufanya turudie. Kwa sababu ya foronya nilielewa bila mkalimani, utani, nilikuwa nimeshalijua neno kutoka kwa bibi.

Mkesha ulikuwa Parque Tejo, pembeni ya mto, sehemu ambayo zamani ilikuwa dampo la jiji, waandaaji walitaja watu milioni moja na nusu. Mnatembea kilomita nyingi na jua, kwahiyo maji lita mbili, kofia, chumvi kidogo au korosho mfukoni, na choo nenda kabla hujahisi haja. Ikifika usiku wa kuabudu Ekaristi, watu wote wale kimya, unasikia mtu anakohoa mbali kabisa, hapo hata mimi mwenye maneno mengi niliishiwa. Asubuhi kabla ya misa tukaamshwa na padre wa kwao anayepiga mziki wa disko, Padre Guilherme Peixoto, na mapadre wetu wawili wa makamo wakawa hawajui wacheze au wakimbie. Walicheza.

Seoul, vitu vya kujua mapema

Korea sijafika, ila nimeuliza na kusoma sana. Kwanza sisi wa kusini tuna ndugu kule. Wabenediktini walioanzisha Ndanda na Peramiho ni wa shirika moja, la St. Ottilien, na waliofika Seoul mwaka 1909, leo monasteri yao kubwa iko Waegwan. Paroko wenu kama ana mtu Ndanda, aulize, huwezi jua mlango upi utafunguka.

Pili Kanisa la kule halikuanzishwa na wamisionari. Wasomi wa Kikorea walisoma vitabu vya dini vilivyotoka China, wakamtuma mwenzao Yi Seung-hun mpaka Beijing akabatizwa mwaka 1784, akarudi akabatiza wenzake, mapadre walikuja baadaye. Wakauawa wengi sana, mashahidi 103 walitangazwa watakatifu mwaka 1984. Sasa hiyo ndo foronya yenu ya kule: wasimulieni Namugongo, mashahidi wa Uganda, watu wanavyotembea kwa miguu kutoka Kenya na huku kwetu kwa ajili ya tarehe 3 Juni. Wataelewa bila kuelezwa mara mbili.

Wakatoliki kule ni kama mmoja kati ya kumi, kwahiyo nyumba utakayofikia huenda bibi ni Mkatoliki na mkwe sio, usishangae, usianze kumuongoa mtu mezani kwake.

Adabu zao hazitakusumbua kama umelelewa pwani. Viatu vinabaki mlangoni. Kitu unapokea kwa mikono miwili, hasa kwa mkubwa. Unainamisha kichwa ukisalimia. Mezani mzee ndo anaanza, ukinyanyua kijiko kabla yake umeharibu. Wanakula kwa vijiti vya chuma na kijiko, anza mazoezi nyumbani na spoku za baiskeli kama huna, ila usivichomeke vijiti wima kwenye wali, hiyo ni ya msibani. Wali upo, samaki wapo, na kimchi, kabeji iliyochachushwa na pilipili, ipo asubuhi mchana jioni. Unaweza kulazwa kwenye godoro jembamba chini sakafuni, sio kwamba wamekudharau, ndo kitanda cha wengi wa zamani. Bakshishi hawana, ukimuachia mhudumu hela anaweza kukukimbiza akurudishie. Ramani, pakueni Naver Map au KakaoMap, ile tuliyoizoea kule haielekezi vizuri kwa mguu.

Alafu saa, hii nimeipenda. Korea wako mbele yetu masaa sita kamili, na sisi Waswahili tunahesabu saa kwa tofauti ya masaa sita. Maana yake saa mbili asubuhi ya Mtwara, saa ya ukutani Seoul inasoma mbili, mchana. Saa tano yetu, kwao ukutani ni tano. Mama akikupigia akisema huku ni saa nne, angalia ukutani kwako, ni nne. Mi nimehangaika na "two" yangu Ureno, kumbe nilikosea nchi tu.

Ukirudi

Tuma ujumbe siku ukifika, sio baada ya mwezi. Sauti ni bora kuliko maandishi, bibi anasikia unavyocheka. Krismasi na Pasaka usisahau, na usianze kuomba omba, simu, ada, mtaji. Kuna mtu wa kundi letu alianza wiki ya pili, familia ikamfungia, na ile familia mwaka huu sijui kama itapokea mgeni mwingine.

Yule mjukuu sasa yuko chuo, juzi kaniandikia anataka kuja Mtwara, anasema ameahidi babu yake ataenda kuliona lile daraja na kulipiga picha. Nyumbani hapa ni heka heka, baba anataka kupaka rangi chumba cha mbele, mama kanunua foronya mpya za maua, kila nikipita jikoni ananiuliza tena eti hivi wazungu ng'onda wanakula. Nimemwambia mama, hao ng'onda wanailoweka siku mbili ndo waipike, ya kwako ataimaliza na mifupa.